Sura ya Saba: Bati Linalonusa Gesi

Vilima vya Kyerwa mkoani Kagera, migodi ya Rutongo nchini Rwanda na machimbo ya Bisie huko Walikale, Kivu Kaskazini, vyote hutoa jiwe moja zito, la rangi ya kahawia iliyokolea, liitwalo kasiteriti. Jiwe hilo ni bati lililoungana na oksijeni: kila atomi moja ya bati imeshikana na atomi mbili za oksijeni. Kiwandani huyeyushwa ili oksijeni iondoke, libaki bati tupu la kulehemia saketi za redio na simu. (Sisemi mabati ya kuezekea, hayo ni chuma kilichopakwa zinki.) Sura hii hailihusu bati lililokwisha kusafishwa. Inaihusu ile oksaidi yenyewe, ikiwa imetengenezwa upya maabara kwa punje ndogo kuliko zozote zinazoonekana kwa hadubini ya kawaida. Unga wa oksaidi ya bati ukipashwa moto hupata tabia ya ajabu: umeme unaopita ndani yake hubadilika kila gesi ya kuungua inapougusa.

Tabia hii haikugunduliwa kwa siku moja. Mwaka 1953 Walter Brattain na John Bardeen, wale wale walioshiriki kuvumbua transista, waliandika kwamba umeme wa kipande cha jerimani hubadilika hewa inayokizunguka ikibadilishwa. Kwao hilo lilikuwa jambo la kuchunguza tabia ya uso wa kitu. Huko Japani lilikuwa jambo la kuokoa maisha. Familia nyingi zilikuwa zimeanza kupikia gesi ya mitungi, na milipuko ya majumbani ilikuwa ikiua watu. Mwaka 1962 Tetsuro Seiyama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba utando mwembamba wa oksaidi ya zinki, ukipashwa moto, unaweza kutambua gesi kwa kubadilika kwa umeme wake. Mwaka huo huo Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kifaa cha aina hiyo, na baadaye akachagua oksaidi ya bati. Miaka ya 1960 ilipokaribia kwisha, vihisi vyake vilikuwa vimeanza kuuzwa, na kampuni aliyoianzisha, Figaro, inavitengeneza mpaka leo. Herufi TGS zilizoandikwa juu ya vihisi hivyo zinabeba jina lake.

Taguchi hakuwa na haja ya kutaja nanomita. Alikuwa na unga, waya wa kupashia moto na saketi nyepesi. Wanasayansi waliomfuata ndio walioeleza kwa nini unga ule ulifanya kazi, na kwa nini mwingine ulifanya kazi vizuri zaidi.

Oksaidi ya bati ni nusu kipitishi. Haipitishi umeme kwa wepesi wa shaba, wala haiuzuii kama plastiki. Sababu yake ni kasoro. Hapa na pale katika fuwele, atomi ya oksijeni imekosekana mahali pake, na kila pengo la namna hiyo huacha elektroni zisizofungwa na atomi yoyote. Elektroni hizo ndizo zinazobeba umeme. Sasa ipashe oksaidi joto la nyuzi 200 hadi 400 za Selsiasi ikiwa kwenye hewa safi. Oksijeni ya hewani inatua juu ya uso wake na kuzinyakua elektroni zilizo karibu. Tabaka la juu linabaki limekaukiwa elektroni, umeme unapita kwa shida, na ukinzani unapanda. Kisha ilete gesi ya kupikia, au kaboni monoksaidi, au mvuke wa pombe. Molekuli zake huungua pamoja na ile oksijeni iliyotua na kuondoka zikiwa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, na elektroni zilizonyakuliwa zinarudi ndani ya punje. Ukinzani unashuka, saketi inausoma mshuko huo, king'ora kinalia. Gesi ikitoweka, oksijeni inatua upya na kifaa kinarudi palepale kilipokuwa.

Naitrojeni dayoksaidi, ile inayotoka kwenye mabomba ya moshi wa magari, hufanya kinyume chake. Yenyewe nayo hunyakua elektroni, kwa hiyo ukinzani hupanda badala ya kushuka. Tofauti hiyo ndogo ina manufaa makubwa, kwa sababu inamwezesha msomaji wa kihisi kuyatenga makundi mawili ya gesi kwa kuangalia tu upande ambao kipimo kimeelekea.

Tabaka lile lililokaukiwa elektroni lina unene wa nanomita 3 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chukua punje yenye upana wa nanomita 100: gesi inachezea ngozi ya nje tu, na sehemu kubwa ya ndani inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ipunguze punje hadi nanomita 6, na tabaka la upande mmoja linakutana na la upande wa pili. Sasa punje nzima ni ngozi. Kila elektroni iliyomo iko chini ya amri ya hewa ya nje.

Hesabu hiyo ilipata ushahidi mwaka 1991. Chaonan Xu, Jun Tamaki, Norio Miura na Noboru Yamazoe, hao pia wa Kyushu, walitengeneza oksaidi ya bati yenye punje za ukubwa mbalimbali, kuanzia nanomita 5 hadi 32, wakazijaribu kwa haidrojeni na kaboni monoksaidi. Punje kubwa zilitofautiana kidogo tu. Walipokaribia nanomita 6, wepesi wa kuhisi ulipanda ghafla. Nafikiri hakuna jaribio lingine lililoeleza kwa ufasaha zaidi nini maana ya nano katika kazi hii. Udogo si pambo la kuuzia bidhaa. Kuna kipimo mahususi ambacho chini yake kitu kile kile, chenye kemia ile ile, kinaanza kuwa na tabia nyingine, na kipimo hicho kinatokana na unene wa tabaka ambalo oksijeni inaweza kulikausha.

Liko pia suala la eneo. Mchemraba wa sentimita moja una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukigawanywa kuwa vijimchemraba vya nanomita 10, uzito ni ule ule lakini nyuso zake zote zikijumlishwa zinafika mita 600 za mraba, yaani kiwanja kizima cha mita 20 kwa 30 kama vinavyopimwa mijini kwetu. Uso wote huo uko wazi kupokea molekuli, ilimradi molekuli zenyewe ziweze kuufikia.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalowatesa watengenezaji. Punje ndogo zikirundikana huganda kuwa bonge. Gesi inaungua kwenye punje za nje kabla ya kufika zile za katikati, na sehemu ya unga inabaki haina kazi. Tena kihisi kinafanya kazi kwa moto, na moto huzifanya punje ndogo ziungane na kukua. Kifaa kilichoanza na punje za nanomita 6 kinaweza kumaliza mwaka kikiwa na kubwa zaidi, kimya kimya, bila taa yoyote kuwaka kumwarifu mwenye nyumba. Kwa hiyo miongo mitatu iliyopita kazi kubwa imekuwa kutafuta maumbo yanayodumu. Kundi la Zhong Lin Wang huko Georgia Tech lilitangaza mwaka 2001 kwamba limetengeneza kanda nyembamba za oksaidi, kila kanda ikiwa fuwele moja isiyo na viungo, na mwaka uliofuata Elisabetta Comini na wenzake wa Brescia, Italia, wakazitumia kuhisi gesi. Wengine wakatengeneza vitufe vyenye uwazi ndani na kuta zenye vitundu, gesi iingie kutoka pande zote. Wengine wakapandikiza chembe za paladi au platini juu ya punje. Metali hizo ni vichocheo, huivunja molekuli ya gesi na kuiharakisha kuungua.

Paladi ina kipaji chake peke yake. Hunyonya haidrojeni hadi kuvimba. Mwaka 2001 kundi la Reginald Penner wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, lilitengeneza nyuzi nyembamba za paladi zenye mipasuko. Haidrojeni ikija, chembe zinavimba, mipasuko inajiziba, umeme unapita. Jibu lilikuja kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, bila hita yoyote. Kadiri magari na mitambo ya haidrojeni inavyoongezeka, kifaa cha namna hiyo kitahitajika sana, maana haidrojeni haina harufu wala rangi na huwaka kwa cheche ndogo mno.

Hapo ndipo uzuri unapokutana na taabu yake. Uso unaogusika na kila molekuli haumchagui mgeni. Oksaidi ya bati iliyowekwa jikoni kuhisi gesi ya mtungi itahisi pia mvuke wa pombe ya kusafishia mikono, marashi, moshi wa kitunguu kinachoungua, na dawa ya mbu iliyopulizwa chumba cha jirani. Kwa elektroni, vyote hivi ni habari moja tu: kuna kitu kimeungua juu ya uso. Wepesi wa kuhisi ulipatikana zamani. Kutofautisha ndiko bado kazi, na msomaji anayeelewa hilo atanunua kihisi kwa akili na kukiweka mahali pake.

Maji ndiyo msumbufu mkubwa kuliko wote, hasa pwani. Molekuli za maji zinajishikiza kwenye uso wa oksaidi, zinakalia sehemu ambazo oksijeni ingetua, na zinashusha ukinzani hata bila gesi yoyote. Kihisi kilichopimwa kwenye hewa kavu ya maabara, kikaletwa Tanga au Mombasa msimu wa mvua, kinaanza siku kikiwa tayari kimeegemea upande wa king'ora. Makala nyingi za kitaalamu hujivunia vipimo vya hewa kavu, nami huona huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu hakuna mtu anayepika ndani ya hewa kavu. Sufuria ya wali peke yake inatosha kujaza jiko mvuke. Dawa zinazojaribiwa ni pamoja na kuongeza oksaidi ya seri au ya praseodimi ili iyapokee maji badala ya bati, na kuweka kihisi cha unyevu pembeni ili kompyuta ndogo ya kifaa itoe sehemu ya kipimo iliyoletwa na maji. Njia hii ya pili ni rahisi na inafanya kazi, mradi aliyetengeneza kifaa alikijaribu kwenye unyevu wa kweli.

Tuingie jikoni sasa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi kufikia mwisho wa kipindi hicho. Maana yake ni mitungi mingi zaidi ndani ya nyumba nyingi zaidi, nyingi zikiwa chumba kimoja ambacho mtu analala, anapika na kuhifadhi vyombo. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, butani kwa mara mbili. Ikivuja, haipai, inatambaa sakafuni, inajaa chini ya kitanda na nyuma ya kabati. Hewa yenye propani asilimia 2 na kidogo tayari inaweza kulipuka. Vihisi vizuri hulia mapema zaidi, kipimo kikiwa sehemu moja ya kumi ya hapo, yaani sehemu 2,000 hivi katika milioni. Kwa oksaidi ya bati hicho ni kiasi kikubwa, na hata kihisi cha bei ndogo kinakimudu. Kinachokwamisha ni mahali. Kihisi kilichotundikwa karibu na dari, eti kisishikwe na watoto, kitakuwa cha mwisho kujua. Kinatakiwa kiwe sentimita 30 hivi kutoka sakafuni.

Lakini baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara zimeunganishwa na bomba la gesi asilia. Hiyo karibu yote ni methani, nyepesi kuliko hewa, nayo hupanda. Huko kihisi kinakwenda juu, karibu na dari. Mtu aliyehama kutoka nyumba ya mtungi kwenda nyumba ya bomba, akachukua kihisi chake na kukiweka alivyozoea, amekiweka mahali ambapo hakitamfaa.

Mkaa ni habari nyingine kabisa, na mara nyingi uko nyumba ile ile yenye mtungi, kwa ajili ya maharage na siku gesi inapokwisha. Mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu. Inaishika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, na mtu anafikiri ni uchovu. Huko Makete na Njombe, na nyanda za juu za Kenya kama Limuru, miezi ya Juni na Julai watu huingiza jiko chumbani na kufunga madirisha kwa sababu ya baridi, na wengine hawaamki. Hapa kipimo kinachotafutwa ni kidogo mno kuliko cha gesi ya mtungi. Viwango vya Ulaya vya ving'ora vya majumbani vinataka kifaa kilie ndani ya dakika 3 hewa ikiwa na sehemu 300 katika milioni, kati ya dakika 10 na 40 ikiwa na sehemu 100, na kati ya dakika 60 na 90 ikiwa na sehemu 50. Muda umewekwa makusudi, kwa kuwa sumu hii hujilimbikiza katika damu. Kidogo kwa muda mrefu kinadhuru sawa na kingi kwa muda mfupi.

Oksaidi ya bati inaweza kuifanya kazi hiyo kwa hila nzuri ya joto. Kihisi kiitwacho MQ-7, kilichozoeleka kwa wanafunzi wa uhandisi kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue ya Nairobi, hupashwa kwa volti 5 kwa sekunde 60, kisha kwa volti 1.4 kwa sekunde 90. Moto mkali unauchoma uchafu na unyevu uliotua. Moto mdogo unaipa kaboni monoksaidi nafasi ya kujibu wakati gesi nyingine nyingi bado zimelala. Kipimo kinasomwa mwisho wa ule muda wa moto mdogo. Wanafunzi wengi huunganisha kihisi hiki kwenye volti 5 muda wote, kama wafanyavyo kwa MQ-2 ya gesi ya kupikia, kisha wanashangaa namba zinaruka ovyo. Kwa chumba cha kulala, hata hivyo, ningemshauri mtu anunue king'ora kamili chenye kihisi cha kemikali-umeme, kilichopitishwa na shirika la viwango. Hicho kinatofautisha vizuri zaidi, na betri yake inadumu kwa sababu hakina hita. MQ moja inakula robo tatu ya wati mchana na usiku, mzigo mzito kwa nyumba ya sola ndogo.

Mzigo huo unapungua sasa. Hita mpya huchongwa juu ya utando wa silikoni mwembamba kuliko unywele, punje za nano zikipakwa katikati yake, na joto la nyuzi 300 hufikiwa kwa sehemu chache tu za mia za wati moja. Kihisi kizima kinaingia ndani ya simu. Utando huo unapata moto na kupoa kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo kifaa kimoja kinaweza kupandishwa joto tofauti tofauti ndani ya sekunde moja na kutoa majibu mengi badala ya moja. Nadhani faida kubwa ya udogo katika miaka ijayo itatoka hapa zaidi kuliko kwenye punje zenyewe.

Shimo la choo linaua kwa gesi ya tatu. Haidrojeni salfaidi hunuka yai bovu, na watu wanaoshuka kutapisha mashimo huamini pua itawaonya. Pua huonya kiasi kikiwa kidogo tu. Kikifika kama sehemu 100 katika milioni mshipa wa kunusa unakufa ganzi, harufu inatoweka, na aliyeshuka anadhani hatari imepita. Kwa gesi hii kemia imetoa jibu ambalo mimi naliona zuri kuliko mengine yote. Punje za oksaidi ya shaba huchanganywa na za oksaidi ya bati. Aina mbili hizi za nusu kipitishi zikigusana huwekeana kizuizi kikubwa cha umeme. Haidrojeni salfaidi ikifika, oksaidi ya shaba inageuka salfaidi ya shaba, ambayo hupitisha umeme kama metali. Kizuizi kinaanguka, na ukinzani unashuka maelfu ya mara. Gesi nyingine haifanyi hivyo. Uchaguzi ule uliokosekana jikoni umepatikana hapa kwa sababu mtengenezaji alitafuta badiliko ambalo mgeni mmoja tu anaweza kulileta. Kifaa cha namna hiyo kikifungwa kwenye kamba na kushushwa shimoni kabla ya mtu, kinatosha kuzuia ile ajali ya kawaida ambayo wa pili na wa tatu hufa wakijaribu kumwokoa wa kwanza.

Kuna mahali bati halifai kabisa. Kandokando ya Goma na Sake, chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo, hasa usiku hewa ikitulia. Wenyeji huyaita mazuku, na wataalamu wa volkano wa dunia nzima wamelichukua jina hilo. Mbuzi hufa humo, na watu pia. Kaboni dayoksaidi imekwisha kuungua. Haina elektroni ya kurudisha kwenye punje, nayo hupita mbele ya oksaidi ya bati bila kutambuliwa. Gesi hiyo hutambuliwa kwa mwanga wa infraredi wenye urefu wa mawimbi wa mikromita 4.26, ambao molekuli zake huufyonza. Naitaja kwa sababu wapo wanaouza vihisi vya bei rahisi vyenye maandishi kwamba vinapima kaboni dayoksaidi, wakati kilichomo ndani ni bati linalokisia kutokana na gesi nyingine anazotoa binadamu chumbani. Kwa kufungua dirisha la darasa makisio hayo yanaweza kutosha. Kwa mazuku yanaua.

Kama kihisi kimoja hakiwezi kutofautisha, je, kundi la vihisi? Mwaka 1982 Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walichukua vihisi vichache vya oksaidi, kila kimoja na upendeleo wake, wakasoma majibu yao kwa pamoja. Hakuna hata kimoja kilichoijua harufu, lakini uwiano wa majibu ulitofautiana kutoka harufu moja hadi nyingine. Pua ya mamalia hufanya vivyo hivyo. Binadamu ana aina takribani 400 za vipokezi vya harufu na anatambua harufu nyingi mno kwa kuvichanganya. Tangu hapo "pua za elektroniki" zimejaribiwa kwenye samaki, maziwa, kahawa na pumzi za wagonjwa.

Nchini kwetu pua hizo zina mshindani wa kweli. Shirika la APOPO, lililo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha panya buku kunusa makohozi na kuonyesha yenye kifua kikuu, na panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Hakuna kifaa cha nano ninachokijua kinachofanya kazi hiyo kwa kasi na gharama ya namna hiyo. Ila panya huzeeka, hufundishwa kwa miezi, na hawezi kuachwa peke yake katika zahanati ya kijiji. Ndiyo maana utafiti wa pumzi hauachwi. Mwaka 2010 kundi la Sotiris Pratsinis huko Zurich lilionyesha punje za nano za oksaidi ya tungsteni, zilizochanganywa na silikoni kidogo, zikihisi asetoni hadi sehemu 20 katika bilioni, katika hewa yenye unyevu kama wa pumzi. Asetoni huongezeka mwili unapochoma mafuta badala ya sukari, kama ilivyo kwa kisukari kisichodhibitiwa, ingawa huongezeka pia kwa anayefunga. Kwa hiyo kipimo hicho hakitoshi peke yake kumwambia mtu ana kisukari, na anayekiuza kwa ahadi hiyo anapotosha.

Pia kuna kaboni. Mwaka 2000 kundi la Hongjie Dai wa Stanford lilionyesha kwamba mrija mmoja wa nano wa kaboni hubadilisha umeme wake ukiguswa na naitrojeni dayoksaidi au amonia, katika joto la kawaida la chumba. Mwaka 2007 watu wa Manchester walitumia grafini, yaani utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, kuhesabu molekuli za gesi moja baada ya nyingine zikitua na kuondoka. Ni kazi za kustaajabisha. Lakini mrija wa kaboni ukishashikwa na gesi bila kupashwa moto, unaweza kuchukua saa nyingi kuiachia, na kifaa kinachokumbuka mvujo wa asubuhi mpaka jioni hakimsaidii mpishi.

Anayenunua kihisi aulize mambo machache kabla ya kulipa: kinahisi gesi gani hasa, kimepitishwa na shirika gani la viwango, na tarehe yake ya kwisha ni ipi, kwa maana kila kihisi kina umri. Kikishafungwa, kipewe muda. Vihisi vya oksaidi vikikaa muda mrefu bila umeme vinahitaji siku moja au mbili za moto kabla ya kusema kweli. Kisiwekwe karibu na mafuta ya nywele au dawa za kung'arishia zenye silikoni, kwa sababu mvuke wake huungua juu ya punje na kuacha tabaka la silika ambalo halitoki tena. Kila baada ya miezi michache, kile cha gesi ya mtungi kijaribiwe kwa gesi ya kiberiti cha gesi kisichowashwa, mradi pasiwe na moto karibu. Kitufe cha majaribio kwenye vifaa vingi hupima spika na taa tu.

Na siku kitakapolia kwa haki, aina ya gesi ndiyo inayoamua la kufanya. Kikiwa cha gesi ya mtungi, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima, kwa kuwa cheche hutokea wakati wa kuzima pia. Zima moto ulio wazi kama upo, funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, toka, na simu ya Zimamoto, 114, ipigwe ukiwa nje. Kikiwa cha kaboni monoksaidi, watu wanatoka kwanza, aliyelala anabebwa, jiko linasubiri. Waliokuwa chumbani wapelekwe hospitali wakapimwe damu, hata yule anayesema ameshapata nafuu.